Harufu ya Tangi la Samaki ni Shahidi: Tusimzibe Kinywa

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Siku hizi tangi la kioo lenye samaki wa mapambo limeingia katika nyumba nyingi za mwambao wetu. Mzazi hulinunua kwa ajili ya watoto, hulipa nafasi ya heshima sebuleni, na kwa wiki chache za mwanzo watu wote wa nyumbani hulifurahia. Baadaye huzuka harufu isiyopendeza, na swali linalotufikia ni hili: tangi linanuka, tufanyeje? Aghalabu muulizaji huwa amekwisha kufanya jambo moja kabla ya kuuliza, nalo ni kufukiza udi au kupuliza manukato sebuleni ili wageni wasihisi. Makala yetu ya wiki hii yanakusudia kueleza kwa nini hilo ndilo jambo la mwisho kufanywa, na ni yapi ya kufanywa badala yake.

Kuweka samaki nyumbani si jambo geni kwetu. Katika nyumba za mawe za Lamu, samaki wadogo waliwekwa ndani ya birika la maji la bafuni ili wale viluwiluwi vya mbu, na chini ya birika palijengewa bakuli la kaure, ili samaki wapate pa kujihifadhi maji yanapopungua. Tuizingatie hekima iliyomo katika bakuli hilo: wazee wale walimfikiria samaki kabla ya maji kupungua, wala hawakungoja shida imfike ndipo watafute dawa.

Tena tunayo elimu nyingine tuliyoipata mapema kuliko hiyo ya ufugaji. Mtoto aliyesoma Safinatun Najaa madrasani anajua kwamba maji mengi, yaliyofika kullatayni, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi mpaka ladha, rangi au harufu yake ibadilike. Ama maji machache, hayo hunajisika kwa kuguswa nayo tu. Kullatayni kwa vipimo vya leo hukadiriwa kuwa lita 200 au zaidi. Tangi la sebuleni lenye urefu wa sentimita 60, upana wa 30 na kimo cha 30 huingia lita 54, na ukitoa nafasi ya changarawe na mawe hubaki pungufu ya 50. Hatuandiki haya kutoa hukumu ya udhu, kwani maji hayo hayakuwekwa kwa kutawadhia. Tunachochukua ni mazingatio mawili: kwamba harufu huhesabiwa kuwa shahidi wa hali ya maji, na kwamba maji machache hayastahimili uchafu. Mto humeza mzoga wa samaki pasi na mtu kujua, lakini ndoo tatu za maji ndani ya kioo haziwezi.

Jambo la tatu ni zito zaidi. Imepokewa na Bukhari na Muslim habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwachia atoke akajitafutie. Maulamaa wamejuzisha kumweka ndege au mnyama nyumbani kwa kujiliwaza, nao hutoa hoja kwa hadithi ya mtoto Abu Umayr na kindege chake, lakini kwa sharti ya kumtimizia haki zake. Samaki ndani ya kioo amefungwa kuliko paka yule. Hawezi kutoka, hawezi kulia, wala hawezi kwenda kutafuta maji mengine. Harufu ni katika alama chache zinazotufikia kwa niaba yake, na mwenye kuizima kwa udi amemziba shahidi kinywa kesi ikiwa bado haijasikilizwa.

Tuanze basi kwa kumfahamu shahidi huyu. Tangi lenye afya halikosi harufu kabisa. Ukifunua kifuniko hupata harufu hafifu ya udongo uliorowa mvua au ya kando ya mto, na hiyo ni dalili njema. Ikitoka nje ya hapo, kila harufu ina habari yake.

Ya kwanza ni shombo kali na uvundo wa kitu kilichooza. Hii mara nyingi ni ya samaki aliyekufa pasipoonekana, chakula kilichobaki chini, au majani ya mimea yaliyokufa. Waswahili husema samaki mmoja akioza wote wameoza, na ndani ya tangi methali hii ni kweli kwa maana yake ya wazi kabisa, kwani mzoga mmoja katika lita 50 za maji ya joto huweza kuwaua waliobaki.

Ya pili ni harufu ya yai viza. Hii hutokana na gesi iitwayo haidrojeni salfaidi, ambayo huzaliwa mahali uchafu unapooza bila hewa: ndani ya mchanga mzito ulioshindiliana, au ndani ya chujio lililosimama. Gesi hii ni sumu kwa samaki.

Ya tatu ni harufu kali inayochoma pua, nayo ni ya amonia. Samaki hutoa amonia kwa matamvua yake wakati wote, na kinyesi na chakula kinachooza huiongeza. Katika tangi lililokomaa, bakteria wanaoishi ndani ya chujio na juu ya changarawe huigeuza amonia kuwa nitriti, na wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo. Bakteria hao huchukua kiasi cha wiki 4 hadi 6 kujijenga katika tangi jipya. Hapa pana tahadhari kubwa: amonia humdhuru samaki ikiwa bado ni kidogo mno kuhisiwa na pua ya binadamu. Kutosikia harufu si hati ya usalama. Kwa hiyo mwenye tangi na awe na dawa ya kupimia maji, inayouzwa katika maduka ya samaki, na kipimo cha amonia na cha nitriti sharti visome sifuri.

Ya nne ni harufu ya kinamasi, ikiambatana na utando wa kijani unaoelekea buluu, unaoteleza na kubanduka kama ngozi. Hao ni sianobakteria, na hustawi panapokuwa na uchafu mwingi, mwanga mwingi na maji yasiyokwenda. Ya tano ni harufu ya dawa ya maji, yaani klorini, inayokuja baada ya kutia maji ya mfereji moja kwa moja.

Baada ya kumfahamu shahidi, tufanye uchunguzi kwa utaratibu. Kwanza, tuhesabu samaki wakati wa kuwalisha. Akikosekana mmoja, atafutwe nyuma ya mawe, ndani ya mapambo, kwenye mdomo wa chujio, na hata sakafuni nyuma ya meza, kwani samaki huruka. Pili, tuteke maji katika gilasi safi iliyotengwa kwa kazi hiyo, tuitoe nje ya chumba, tuinuse. Ikiwa maji ya gilasi hayanuki, basi harufu haitoki majini: tukague chujio, upande wa chini wa kifuniko, mbao za meza zilizolowa, zulia lililo chini yake, na kopo la chakula cha samaki, ambalo kwa unyevunyevu wa pwani huvunda upesi likishafunguliwa. Tatu, tulifungue chujio na kunusa sifongo yake. Nne, tuguse changarawe kidogo kwa kijiti pembeni. Zikipanda puvu zenye harufu ya yai viza, au tukiuona mchanga umekuwa mweusi, chanzo kimejulikana. Kabla ya kutia mkono majini tuzime umeme wa vyombo vyote vya tangi, na mwenye kidonda mkononi avae glavu au amwachie mwingine kazi hiyo.

Chanzo kikijulikana, dawa yake si ngumu, illa inataka subira. Tuondoe mzoga, majani yaliyooza na mabaki ya chakula. Tusitishe kulisha kwa siku moja au mbili. Samaki mzima mwenye afya hadhuriki kwa hilo. Kisha tuvute robo hadi thuluthi ya maji kwa mpira, mdomo wa mpira ukipita juu ya changarawe ili unyonye uchafu uliotuama. Mpira usivutwe kwa kinywa: ujazwe maji kwanza, uzibwe kwa vidole ncha zote mbili, kisha ncha ya nje iachiliwe ikiwa chini ya tangi. Siku ya pili au ya tatu turudie, mpaka vipimo na harufu vitulie.

Maji mapya yawe na joto sawa na yaliyomo. Ya mfereji yenye klorini yaachwe katika ndoo iliyo wazi kwa siku moja, au yatiwe dawa ya kuondoa klorini inayouzwa kwa kazi hiyo. Dawa hiyo ndiyo salama zaidi, kwani baadhi ya dawa za kusafishia maji hazitoki kwa kuachwa wazi tu.

Sifongo ya chujio ikamuliwe ndani ya ndoo ya maji yaliyotolewa tangini, isioshwe kwa maji ya mfereji wala kwa sabuni, kwani bakteria wanaotufanyia kazi wamo humo. Wala tusisafishe chujio na changarawe siku moja. Hapa ndipo wengi hupotelea: mtu huona uchafu, hasira humpanda, akamwaga maji yote, akasugua kila kitu kwa sabuni na kulirudisha tangi likiwa linang'aa. Harufu huondoka kwa siku tatu, kisha samaki hufa mmoja mmoja, kwa sababu waliokuwa wakiondoa amonia wameuawa wote na tangi limerudi kuwa jipya. Haraka haraka haina baraka.

Mchanga mweusi unaotoa yai viza usichimbwe wote kwa mara moja samaki wakiwa ndani. Ama wahamishiwe katika ndoo ya maji yao wenyewe yenye hewa, ama kazi ifanywe sehemu kwa sehemu, wiki baada ya wiki. Kwa matangi mengi ya nyumbani changarawe ya kina cha sentimita 3 hadi 5 inatosha.

Zipo sababu ambazo sisi wa mwambao huzipata zaidi kuliko wenzetu wa bara, nazo hazifai kupuuzwa. Ya kwanza ni joto. Maji ya nyuzi 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni katika kila lita, na ya nyuzi 30 hubeba takriban 7.5 tu, na katika joto hilo uozo huenda mbio. Tangi lisiwekwe penye jua la dirishani, na uso wa maji uwe ukitikiswa na chujio au pampu ya hewa mchana na usiku. Ya pili ni maji na mawe yetu. Visima vingi vya pwani vimechimbwa katika miamba ya matumbawe. Maji yake huwa na chokaa nyingi na pengine chumvi. Mchanga wa ufuoni, makombe na vipande vya matumbawe tunavyovitia kwa mapambo navyo huyeyusha chokaa majini na kuipandisha pH. Na pH ikipanda kutoka 7 hadi 8, sehemu ya amonia iliyo sumu huongezeka takriban mara kumi. Kombe zuri lililookotwa ufuoni linaweza kuigeuza amonia ndogo kuwa balaa.

Ya tatu ni kukatika kwa umeme. Bakteria wa chujio huhitaji oksijeni kama samaki. Chujio lililofungika likisimama kwa saa kadhaa, maji yaliyomo ndani yake huanza kuoza, na umeme urudipo husukuma uchafu ule wote tangini kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo umeme ukikatika kwa muda mrefu, tuchomoe waya wa chujio, tusiwalishe samaki, na kila baada ya nusu saa tuteke maji kwa kikombe na kuyamimina tena kutoka juu ili yapate hewa. Umeme ukirudi, maji yaliyolala ndani ya chujio yamwagwe na sifongo isuuzwe kwa maji ya tangi, ndipo liwashwe.

Sasa turudi kwenye udi tuliouanza nao. Pampu ya hewa haitoi hewa yake pengine: huivuta chumbani na kuisukuma majini. Moshi wa udi na ubani, manukato ya kupuliza, na lililo baya zaidi, dawa ya mbu ya kopo, vyote hupita njia hiyo. Dawa nyingi za kuua wadudu ni sumu kali mno kwa samaki, hata kiasi kisichomdhuru mtu. Basi mwenye nyumba aliyetaka kuficha harufu kwa kupuliza huenda akazidisha mizoga, na mizoga ikazidisha harufu. Penye tangi pasipulizwe dawa. Ikiwa hapana budi, pampu izimwe, tangi lifunikwe vyema, na chumba kipate hewa safi kabla pampu haijawashwa tena. Hata mkaa maalumu wa kuchujia, unaouzwa ili kuvuta harufu, ni msaada wa wiki chache tu. Hufaa baada ya chanzo kuondolewa. Kabla ya hapo nao ni udi wa aina nyingine.

Kuzuia ni kwepesi kuliko kutibu. Chakula kitiwe kile kinachomalizika kwa dakika mbili au tatu, mara moja au mbili kwa siku, na amana ya kopo ishikwe na mtu mmoja, kwani nyumba yenye watoto wanne humlisha samaki mara nne, kila mmoja akidhani wenzake wamesahau. Idadi ya samaki iwe ndogo kuliko tunavyotamani. Samaki wa dhahabu anayeuzwa akiwa na urefu wa kidole huweza kukua akapita sentimita 15, naye hutoa uchafu mwingi. Bakuli la mviringo si makazi yake, hata likipendeza machoni.

Tunapendekeza kila nyumba iweke siku maalumu, mathalan Alkhamisi baada ya Alasiri, tunapojitayarisha kwa Ijumaa kwa kukata kucha na kufua kanzu. Wakati huo robo ya maji ibadilishwe, samaki wahesabiwe, na kioo kipanguswe kwa kitambaa kisichojua sabuni. Kazi ya kuhesabu apewe mtoto mdogo zaidi anayejua tarakimu. Atajifunza kwamba kumiliki kiumbe ni kuulizwa juu yake, na akikuta pungufu atalia kidogo, kisha ataelewa. Maji yanayotolewa yasimwagwe mtaroni, kwani katika miji yetu maji ni adimu na israfu imekatazwa. Yamwagiwe mwasumini, mrehani au mpapai, navyo vitayashukuru, kwa kuwa nitrati ile iliyokuwa taka ya samaki ni mbolea ya mmea.

Na akiwapo ambaye, baada ya kusoma haya, ameona kwamba kazi hii haimudu, hana umeme wa kutegemewa, au hana wasaa, basi si aibu kumpa samaki wake jirani mwenye tangi lililokomaa na uangalizi mwema. Asimtupe mtoni wala kisimani, kwani samaki mgeni huweza kuharibu mahali pasipokuwa pake. Kumkabidhi kwa anayeweza ni bora kuliko kubaki naye kwa ajili ya pambo.

Aliyempa maji mbwa mwenye kiu alisamehewa, na aliyemfungia paka aliadhibiwa. Habari zote mbili tumepokea kutoka kwa Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wasallam. Tunaomba Allah (S.W.T.) atujaalie tuwe katika kundi la yule wa kwanza, hata kwa viumbe wadogo walioko pembeni mwa sebule zetu, na atupe masikio ya kuwasikia wasioweza kusema.

Wabillahi tawfiq.